Nimechangia, Lakini Sehemu ya Wachangiaji Haijafunguliwa

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari mkoani Morogoro. Kwa muda mrefu nimekuwa mwanachama wa jumuiya ya mtandaoni ya walimu wa sayansi, inayoendeshwa na watu wanaojitolea kutoka nchi mbalimbali, wengi wao wakiwa magharibi mwa Marekani. Kujiunga ni bure, na hata kwa kiwango hicho cha bure nimefaidika sana, kwa sababu humo nimejifunza namna ya kuonyesha majaribio ya umeme na mwanga kwa vifaa vinavyopatikana dukani, jambo lenye thamani kubwa kwa shule ambayo maabara yake haijakamilika. Jumuiya hiyo ina sehemu nyingine iliyofungwa, ambamo huwekwa masomo yaliyorekodiwa na kufanyika mazungumzo ya moja kwa moja na wahadhiri. Ukurasa wao wa michango unaeleza waziwazi kwamba anayechangia dola 25 au zaidi atafunguliwa sehemu hiyo kwa mwaka mmoja.

Kwa kuwa sina kadi ya kulipia nje ya nchi, nilimwomba kaka yangu, anayefanya kazi Muscat, anichangie kwa kadi yake, nami nikamfidia kwa kumnunulia mama mahitaji ambayo kwa kawaida kaka ndiye huyalipia. Kaka alilipa, benki ikakata fedha, naye akanitumia picha ya skrini ya ujumbe wa benki. Wiki kadhaa zimepita na sehemu ile bado imefungwa kwangu. Niliwaandikia wasimamizi nikiambatisha picha hiyo, na jibu lao lilikuwa fupi: hawaoni mchango wowote kwa jina langu wala kwa barua pepe yangu.

Hapo nilishikwa na uchungu, nikaandika malalamiko katika mazungumzo ya wazi ya jumuiya na kuweka namba yangu ya simu ili anayeweza kusaidia anitafute. Jioni ile ile mtu mwenye picha na jina la mmoja wa wasimamizi alinitumia ujumbe kwa WhatsApp, akasema atanifungulia mara moja nikimpa namba ya tarakimu sita itakayoingia kwa SMS, pamoja na ada ndogo ya uthibitisho kwa njia ya simu. Sijamjibu.

Nimebaki katikati ya maneno ya watu wawili ninaowaheshimu. Mwalimu mwenzangu ananiambia kwamba mchango ni sadaka, na sadaka haidaiwi, hivyo ninyamaze. Kaka, kwa upande wake, amekasirika na anataka kuiagiza benki yake izirudishe fedha hizo. Je, nina haki ya kuendelea kufuatilia, na kama ninayo, nifuatilie vipi? Tena kuna walimu wawili hapa shuleni waliokuwa tayari kuchangia baada yangu. Niwaambieje?

Mwalimu wa Fizikia, Morogoro

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole kwa usumbufu.

Nitaanza na huyo aliyekuandikia kwa WhatsApp, kwa sababu mengine yote yanaweza kusubiri hadi kesho, lakini hilo haliwezi. Umefanya vema kutomjibu, na usimjibu kabisa. Namba ya tarakimu sita inayoingia kwa SMS ndiyo WhatsApp huitumia kuthibitisha kwamba anayefungua akaunti ndiye mwenye namba ya simu. Mtu mwingine akiipata, anaihamishia akaunti yako kwenye simu yake, kisha anaanza kuwaomba fedha ndugu zako, wazazi wa wanafunzi wako na walimu wenzako, nao wataamini kwamba ni wewe unayeomba. Hakuna msimamizi wa jumuiya yoyote anayeihitaji namba hiyo ili akufungulie sehemu ya wachangiaji, wala hakuna sababu ya mtu kulipa ada ya pili ili mchango wake wa kwanza utambuliwe.

Mzuie mtu huyo, toa taarifa juu ya akaunti yake ndani ya WhatsApp yenyewe, kisha uingie kwenye mipangilio ya akaunti yako na kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili, ili hata siku moja namba ya SMS ikivuja, pawepo namba nyingine ya siri unayoijua wewe tu. Kama alikupa namba ya simu ya Tanzania ya kulipia ile ada, itume kwa SMS kwenda 15040, namba ambayo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania hupokelea taarifa za utapeli. Baada ya hapo, ondoa namba yako ya simu katika yale malalamiko ya hadharani, na uwajulishe wasimamizi wa kweli kwamba kuna mtu anayejifanya mwenzao. Mchangiaji aliyeudhika na kuandika hadharani kwamba amekwama ndiye matapeli wa namba hizi wanayemtafuta, na bila shaka wapo wengine katika jumuiya hiyo waliopata ujumbe kama wako.

Sasa nije kwenye haki yako. Mwenzako amesema jambo la heshima, lakini halilingani na mambo yalivyo. Mtu anapotoa bila kuahidiwa chochote, kwa kweli hana cha kudai. Wasomaji wengi duniani huichangia Wikipedia kupitia taasisi ya Wikimedia, na hakuna anayefunguliwa makala za pembeni kwa sababu ya mchango wake, kwa kuwa makala zote husomwa na wote kwa usawa, na mchangiaji anajua hivyo tangu mwanzo. Lakini upo mpango mwingine, uliozoeleka zaidi tangu mwaka 2013, pale mwanamuziki Jack Conte na mwenzake Sam Yam walipoanzisha Patreon, tovuti ya michango ambamo kila kiwango cha mchango hutangazwa pamoja na kile atakachofunguliwa mchangiaji. Jumuiya yako imechagua mpango huu wa pili kwa hiari yake, ikaandika kiwango, ikaandika muda, nawe ukatoa fedha kwa kuyategemea maandishi hayo. Ahadi ya namna hiyo inapaswa kutimizwa, na kuikumbusha si ulafi wala si kukosa adabu. Mimi ningependa ufuatilie mpaka ujibiwe, hasa kwa vile unachokitafuta humo kitaishia mbele ya wanafunzi wako.

Hata hivyo, haki hiyo isikufanye uwaone wasimamizi kuwa ni wadanganyifu, kwa sababu nikilisoma jibu lao naona kwamba wamesema kweli tupu. Hawaoni mchango kwa jina lako wala kwa barua pepe yako kwa kuwa haupo. Upo mchango wa kaka yako.

Hapa ndipo penye kiini cha shida, nami ningependa tukae hapo kidogo. Jumuiya inayopokea michango kwa kadi huwa na kumbukumbu za aina mbili, ambazo mara nyingi hata hazitunzwi mahali pamoja. Za kwanza ni kumbukumbu za fedha, ambazo hutunzwa na kampuni inayoshughulikia malipo, na ndani yake mna jina lililo kwenye kadi, barua pepe iliyoandikwa wakati wa kulipa, kiasi, tarehe na namba ya muamala. Za pili ni kumbukumbu za wanachama, zenye jina ulilojichagulia na barua pepe uliyojiandikishia. Kinachoziunganisha kumbukumbu hizo mbili kwa kawaida ni barua pepe kulingana pande zote, au mwanachama kuziunganisha mwenyewe. Kwa mfano, anayechangia kupitia Patreon na kutarajia kuingia katika vyumba vya wachangiaji vilivyoko Discord, programu ya mazungumzo ya makundi, hana budi kwanza aiunganishe akaunti yake ya Discord na ile ya Patreon. Asipofanya hivyo, fedha zitapokelewa, risiti itatolewa, na vyumba vitabaki vimefungwa. Kwa upande wa Ko-fi, tovuti nyingine ya michango, mtu anaweza kuchangia bila kufungua akaunti yoyote, na hapo barua pepe aliyoiandika ndiyo njia kuu ya kumtambua.

Mchango wako ni kama mzigo uliopakiwa kwenye basi bila jina la mpokeaji: karani wa stendi anauona mzigo, nawe unamwambia kuwa ni wako, lakini akiwa mwaminifu hawezi kumkabidhi kila anayesema hivyo. Kama wasimamizi wangekubali kumfungulia mtu yeyote anayekuja na picha ya skrini ya malipo yaliyofanywa kwa kadi ya mtu mwingine, basi yeyote angeweza kuuchukua mchango wa kaka yako na kuuita wake. Picha ya skrini hubadilishwa kwa dakika chache katika simu ya kawaida, na ujumbe wa benki mara nyingi hutaja kampuni inayoshughulikia malipo badala ya jumuiya iliyolengwa, kwa hiyo haimsaidii sana msimamizi anayetafuta kumbukumbu moja kati ya nyingi.

Yapo pia mambo madogo yanayoweza kuuficha mchango hata pale mwenye kadi na mwanachama wanapokuwa mtu mmoja. Gmail haijali nukta zilizomo katika jina la barua pepe, kwa hiyo barua zilizoandikwa kwa nukta na zile zisizo na nukta huingia katika sanduku lile lile. Lakini programu nyingi nyingine huzihesabu kuwa anwani mbili tofauti, na mwanachama aliyejiandikisha kwa namna moja na kuchangia kwa namna nyingine hatatambulika. Anayetumia simu ya iPhone anaweza kuwa aliruhusu Apple iifiche barua pepe yake, na hapo kumbukumbu za malipo zitaonyesha anwani ya herufi zisizo na maana ambayo hata yeye mwenyewe hakuiona. Mwulize kaka yako kama alilipa kwa njia hiyo.

Kwa hiyo anayepaswa kuandika barua ya kwanza ni kaka yako, wala si wewe, nayo ni barua fupi sana. Mpigie simu, usimtumie ujumbe, kwa kuwa mtu aliyekasirika husoma ujumbe mfupi kwa sauti ya hasira yake mwenyewe. Mshukuru kwanza kwa alichofanya, kisha mwombe jambo moja tu: aitafute risiti iliyotumwa kwa barua pepe yake siku aliyolipa, na kama haioni katika sanduku la kawaida aangalie kwenye barua taka na sehemu ya matangazo, halafu aipeleke risiti hiyo yenyewe kwa wasimamizi kutoka katika anwani ile ile iliyoipokea, huku akikuwekea wewe nakala. Kitendo hicho kimoja kinathibitisha mambo matatu kwa pamoja, yaani kwamba mchango ulifika, kwamba anayeandika ndiye aliyeutoa, na kwamba ameridhia ufunguliwe mtu mwingine.

Barua yenyewe inaweza kusema hivi, nawe umsaidie kuiweka katika Kiingereza ikiwa ndiyo lugha yao ya kazi: “Ndugu wasimamizi, tarehe hii niliwachangia dola 25 kwa kadi yangu, na risiti yenye namba ya muamala nimeiambatisha. Mchango huo niliutoa kwa niaba ya mdogo wangu, ambaye ni mwanachama wenu kwa jina hili na barua pepe hii, na ambaye nimemwekea nakala. Naomba haki ya mchangiaji iandikwe kwenye akaunti yake badala ya yangu. Mkihitaji uthibitisho zaidi, niulizeni kupitia anwani hii.” Hayo yanatosha. Asiandike namba kamili ya kadi, wala zile tarakimu tatu za nyuma, wala neno la siri la aina yoyote. Wakitaka kuitambua kadi, tarakimu nne za mwisho zinatosha.

Akishaandika, nawe jibu katika mfululizo ule ule wa barua, ukitaja jina lako la mwanachama herufi kwa herufi kama linavyoonekana katika akaunti yako. Usianzishe barua mpya kila siku na wala usiwaandikie wasimamizi watatu kwa wakati mmoja, maana katika kundi la wanaojitolea hilo huleta mkanganyiko, kila mmoja akidhani kwamba mwenzake ameshalishughulikia. Kumbuka pia saa zao. Unapoandika saa mbili asubuhi ukiwa Morogoro, California ni saa tatu au saa nne usiku wa siku iliyotangulia, kutegemea majira, na watu hao wana ajira nyingine mchana. Ukipewa jibu baada ya siku mbili au tatu, hilo ni la kawaida. Wiki mbili zikipita kimya, andika tena kwa upole katika mfululizo huo huo, na hapo hakuna ubaya kuuliza katika mazungumzo ya wazi ni nani anayeshughulikia masuala ya wachangiaji, bila kuweka risiti, kiasi wala simu yako.

Lipo jambo ambalo huenda kaka yako atalipendekeza kwa nia njema, nalo ni kukupa barua pepe na neno lake la siri ili uingie kwa jina lake. Mkatalie kwa heshima. Jumuiya nyingi hukataza akaunti moja kutumiwa na watu wawili, na ukija kuuliza swali mbele ya wahadhiri hao utakuwa unauliza kwa jina la mtu mwingine. Wewe ni mwalimu, na katika jumuiya ya walimu jina lako linajengwa na maswali unayouliza na majibu unayotoa.

Kuhusu kuiagiza benki irudishe fedha, naomba kaka asifanye hivyo kwa sasa. Njia hiyo imewekwa kwa ajili ya mtu ambaye kadi yake imetumika bila ruhusa, au aliyelipia kitu ambacho muuzaji amekataa kukitoa wala kurudisha fedha. Benki ikifungua madai ya aina hiyo, anayepokea malipo kwa kawaida hutozwa ada na kampuni inayomshughulikia, hata kama dola zenyewe ni chache, na jumuiya nyingi humfungia mara moja anayehusika na madai hayo. Utakuwa umepoteza hata ile sehemu ya bure iliyokufaa darasani. Endapo wasimamizi, baada ya kupokea risiti halisi kutoka kwa aliyelipa, watakataa kukufungulia au watanyamaza moja kwa moja, kaka awaombe wao wenyewe warudishe fedha, kwa maandishi. Wakikataa na hilo, ndipo aende benki akiwa na mfululizo mzima wa barua mkononi, na asichelewe kupita kiasi kwa kuwa benki huweka ukomo wa muda wa kupokea madai hayo.

Mkiwa bado kwenye simu, mwombe pia aangalie risiti inasemaje kuhusu marudio. Kurasa nyingi za michango huwa na sehemu mbili zinazokaribiana, ya kuchangia mara moja na ya kuchangia kila mwezi, na mara nyingine ile ya kila mwezi huwa imeshachaguliwa kabla mtu hajagusa chochote. Kama aliichagua bila kukusudia, kadi yake itakatwa tena mwezi ujao, na hasira yake itakuwa na sababu ya pili. Pale ambapo mchango wa kila mwezi ndio unaoishikilia ruhusa ya kuingia, benki ikikataa malipo mara moja tu, kwa mfano kwa sababu kadi imeisha muda, ruhusa huondolewa bila mtu yeyote kuamua hivyo. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari, na mimi ningekuomba uwe na daftari hilo: tarehe ya mchango, namba ya muamala, barua pepe iliyotumika, jina la mwanachama, na tarehe ambayo mwaka wako utakwisha. Mwaka huo, kwa maoni yangu, unapaswa kuhesabiwa tangu siku utakayofunguliwa, nawe una haki ya kuwaomba hivyo kwa adabu, ingawa wakikataa usiligeuze kuwa ugomvi.

Walimu wenzako wawili waambie wasubiri kwanza wewe ufunguliwe. Ukifunguliwa, kila mmoja ajiandikishe katika jumuiya kwa barua pepe yake kabla ya kuchangia, na alipe kwa kadi yake mwenyewe ikiwezekana. Siku hizi mitandao ya simu nayo hutoa kadi za mtandaoni zinazotumia fedha zilizomo katika akaunti ya simu. Kenya, kwa mfano, watumiaji wa M-Pesa walianza kupata kadi ya Visa ya namna hiyo mwaka 2022. Waulize wakala au mtandao wanaoutumia kama huduma hiyo inapatikana kwao na ada yake ni kiasi gani, kwa sababu malipo ya dola huwa na gharama ya kubadilisha fedha juu ya kile kiasi kilichoandikwa. Asiye na njia nyingine ila kadi ya ndugu, basi ndugu huyo akifika kwenye sehemu ya barua pepe aandike barua pepe ya mwanachama badala ya yake mwenyewe, iwapo ukurasa unaruhusu, na kwenye kisanduku cha maelezo aandike jina la mwanachama anayemchangia.